Mcheza kwao hutuzwa, lakini kwao ni wapi?

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Methali hii tumeifundisha darasani mwaka nenda mwaka rudi, na aghalabu wanafunzi huifafanua pasi na kusita: anayecheza ngoma mbele ya jamaa zake hatoki mikono mitupu. Ni nadra, hata hivyo, mwalimu kuwatupia maswali mawili yanayojificha nyuma ya maneno hayo matatu. Kwao ni wapi? Na tuzo yenyewe ni ipi? Je, ni shangwe za siku ya ngoma, au ni namna mchezaji anavyotunzwa baada ya nguvu kumwishia?

Maswali haya yalipata majibu, ya kusikitisha na ya kupendeza pia, katika maisha ya Johnny Unitas, mchezaji wa Kimarekani aliyefariki mwaka 2002. Huenda wengi wa wanafunzi wetu hawajapata kulisikia jina lake. Nasimulia habari zake kwa sababu sisi nasi ni hodari wa kushangilia, na ni hodari zaidi wa kusahau.

Yafaa kwanza nieleze mchezo wenyewe. Kandanda ya Kimarekani si hii yetu ya akina AFC Leopards na Gor Mahia. Huko mpira una umbo la yai na hubebwa mikononi, na kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani wanaojitahidi kuuvusha hadi nyuma ya mstari wa wapinzani. Anayeongoza mashambulizi huitwa kwotabeki. Yeye ndiye huupokea mpira, akaamua kwa sekunde chache amrushie nani au ampe nani akimbie nao, huku majitu ya upande wa pili yakimjia kwa kishindo ili yamwangushe. Siku hizi kocha humwelekeza kwotabeki kwa kisikizi kilichomo ndani ya kofia. Katika enzi za Unitas, aghalabu mwamuzi wa mbinu alikuwa kwotabeki mwenyewe. Ilimpasa basi awe na mkono wa mrusha mkuki na kichwa cha mcheza bao.

Unitas alizaliwa tarehe 7 Mei 1933 mjini Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, mji wa viwanda vya chuma, katika familia yenye asili ya Lithuania. Baba yake, aliyekuwa na biashara ndogo ya kuwapelekea watu makaa ya mawe, aliaga dunia Johnny akiwa na umri wa miaka mitano tu. Mama akabaki na watoto wanne. Mama huyo hakukaa kitako kulia. Alifanya kazi za kila namna, zikiwemo za kusafisha ofisi usiku, akajisomea kazi ya kuweka hesabu, na wanawe wakapata chakula na karo. Yeyote anayetaka kujua Unitas aliutoa wapi ule utulivu wake uliowashangaza watu baadaye, na aanzie kwa mama huyo.

Hapa ndipo ninapowaomba walimu wenzangu watege sikio. Kijana alipokuwa akimaliza shule ya upili alitamani kujiunga na Chuo Kikuu cha Notre Dame. Huko alionekana mwembamba mno. Chuo Kikuu cha Pittsburgh kilikuwa tayari kumfadhili, lakini akaanguka mtihani wa kuingilia. Mwishowe alipokelewa na Chuo Kikuu cha Louisville, jimbo la Kentucky, ambacho wakati huo hakikuwa na sifa kubwa katika mchezo huo. Mwaka 1955 timu ya mji wake wa kuzaliwa, Pittsburgh Steelers, ilimchagua katika duru ya tisa, tayari wachezaji 101 wakiwa wamekwisha kuchaguliwa kote nchini mbele yake. Katika mechi za maandalizi hakuchezeshwa hata kidogo, kisha akaachishwa. Ilisemekana kuwa kocha alimwona hana akili ya kutosha kuongoza timu. Inasimuliwa kwamba alirudi nyumbani kwa kuomba lifti njiani, ili pesa za nauli alizopewa zibaki mfukoni. Wakati huo alikuwa amekwisha kuoa.

Angalieni kinaya cha mambo. Mtu aliyeanguka mtihani, na kuhukumiwa kuwa mzito wa akili, ndiye aliyekuja kutajwa kuwa msomaji bora wa mchezo ule katika kizazi chake. Mtihani ulipima kitu fulani, lakini haukumpima Unitas. Ni wangapi tunaowarudisha nyumbani kila mwaka kwa kipimo cha aina hiyo?

Kijana akapata kibarua cha ujenzi. Jioni na mwisho wa juma alichezea timu ya mtaani iliyoitwa Bloomfield Rams kwa malipo ya dola 6 kila mechi, katika viwanja vya mawe na vigae vya chupa. Wengi wangeona haya. Yeye aliendelea kucheza. Mapema mwaka 1956 timu ya Baltimore Colts ilimpigia simu na kumwita afanye majaribio, kisha ikampa mkataba wa dola 7,000 kwa msimu. Mechi ya nne ya msimu huo, dhidi ya Chicago Bears, kwotabeki wa kwanza aliumia, na Unitas akaitwa uwanjani. Mpira wake wa kwanza wa kurusha ulinaswa na mpinzani, ambaye alikimbia nao hadi akafunga. Colts walichapwa 58 kwa 27. Kama kuna mwanafunzi anayedhani kuwa mwanzo mbaya ni hukumu, na aikumbuke siku hiyo.

Baada ya hapo mambo yalibadilika. Kuanzia mwaka huo wa 1956 hadi 1960, Unitas alicheza mechi 47 mfululizo ambazo katika kila mojawapo alirusha angalau pasi moja iliyozaa bao. Rekodi hiyo ilidumu miaka 52, hadi Drew Brees alipoivunja mwaka 2012.

Siku iliyomjengea jina, hata hivyo, ni tarehe 28 Desemba 1958. Colts walikutana na New York Giants katika fainali ya ubingwa mjini New York. Zikiwa zimesalia dakika zisizotimia mbili, Giants waliongoza 17 kwa 14, na Colts walikuwa mbali kabisa, karibu na mstari wao wenyewe. Unitas alimrushia mwenzake Raymond Berry mara tatu mfululizo, wakala yadi 62, na zikiwa zimebaki sekunde 7 Colts wakapiga mpira katikati ya milingoti na kusawazisha. Fainali ya ubingwa haikuwa imewahi kuingia katika muda wa ziada kabla ya hapo. Katika muda huo Unitas aliwaongoza wenzake yadi 80, hatua kwa hatua, hadi Alan Ameche akaingia na mpira na kumaliza mchezo kwa 23 kwa 17. Mamilioni ya Wamarekani waliitazama mechi hiyo kwa televisheni, na wajuzi wanakubaliana kuwa ndiyo iliyoupandisha mchezo huo hadi kuwa kipenzi cha taifa. Wachezaji waliporejea Baltimore usiku, watu wapatao 30,000 waliufurika uwanja wa ndege kuwalaki. Mwaka uliofuata Colts walitwaa ubingwa tena, mbele ya Giants hao hao.

Kwa nini mji wa Baltimore ulimpenda kiasi hicho? Ulikuwa mji wa bandari na wa viwanda, wa watu waliotoka kazini na mikono myeusi kwa mafuta. Unitas alikuwa mmoja wao. Nywele zake zilikatwa fupi kama za kuruta, viatu vyake vilikuwa vyeusi vya kufunika vifundo, na jezi yake ilikuwa nambari 19. Hakuwa msemaji, hakujigamba, na alipoangushwa alinyanyuka na kurudi kazini. Mishahara ya wakati huo haikuwatenga wachezaji na jirani zao. Wengi walitafuta kazi nyingine msimu ulipokwisha, wakaishi katika mitaa ile ile ya mashabiki, na kukutana nao dukani na kanisani. Shabiki alipomshangilia Unitas, alijishangilia pia yeye mwenyewe.

Pamoja na hayo, tusiyapake mafuta mapenzi hayo. Miongoni mwa waliompa Unitas ushindi walikuwamo watu weusi kama Lenny Moore na Jim Parker. Jumapili walishangiliwa na uwanja mzima, na Jumatatu palikuwa na mikahawa na majumba ya sinema mjini humo humo ambayo hayakuwakaribisha kwa ajili ya rangi yao. Mapema kabisa, basi, Baltimore ilionyesha kuwa shangwe ni kitu kimoja na haki ni kitu kingine. Unitas mwenyewe angelijua jambo hilo baadaye, kwa njia nyingine.

Mwili wa mwanadamu una kikomo. Kabla ya msimu wa 1968 kuanza, kiwiko cha mkono wake wa kulia kiliumia vibaya. Alirejea, na mwezi Januari 1971 alikuwa katika timu ya Colts iliyonyakua kombe la Super Bowl kwa kuishinda Dallas Cowboys 16 kwa 13, ingawa mbavu ziliumia akalazimika kutoka kabla ya mwisho. Mwaka 1972 klabu ilipata mmiliki mpya, Robert Irsay, na uongozi mpya ukataka damu changa. Katikati ya msimu kocha alifutwa kazi, na Unitas, akiwa na umri wa miaka 39, akaketishwa benchi.

Tarehe 3 Desemba 1972 Colts walicheza na Buffalo Bills. Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu katika uwanja wa nyumbani, na kila aliyeingia Memorial Stadium alijua kuwa hatamwona tena Unitas akiwa na jezi ile katika uwanja ule. Hapakuwa na tangazo wala sherehe iliyoandaliwa na klabu. Mashabiki ndio walioifanya siku hiyo kuwa ya kumuaga. Ndege ndogo ilipita juu ya uwanja ikiburuta bango lenye maneno yaliyolichezea jina lake, wakilinganisha Unitas na umoja, kana kwamba mji mzima husimama kwa kusimama naye. Mchezo ukaendelea, Colts wakawa mbele kwa mabao mengi, na umati ukazidi kumdai. Hatimaye, katika robo ya mwisho, kijana aliyeshika nafasi yake akatolewa, na mzee akavaa kofia akaingia.

Uwanja ulitetemeka kwa kelele. Jungu kuu halikosi ukoko: Unitas alimrushia Eddie Hinton mpira, na Hinton akakimbia nao hadi akafunga. Colts walishinda 35 kwa 7, lakini aliyeikumbuka siku ile hakukumbuka hesabu. Alikumbuka watu wazima wakilia waziwazi, wazee waliokuwapo mwaka 1958 wakiwa wamewabeba wajukuu mabegani ili waje waseme kuwa nao walimwona.

Wenye klabu hawakulia. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, lakini kwa wafanyabiashara wale mbachao ulikuwa umechakaa na ulikuwa na bei. Mwezi Januari 1973 Unitas aliuzwa kwa timu ya San Diego Chargers, upande wa pili wa Marekani. Huko alivaa rangi nyingine na kucheza mbele ya watu waliomheshimu bila kumjua. Mkono haukuitika tena. Katika mwezi wa Oktoba alipelekwa kucheza Pittsburgh, mji uliomzaa na kumkataa, na hapo akatolewa nafasi yake ikachukuliwa na kijana aitwaye Dan Fouts. Mwezi Julai 1974, akiwa kambini kujiandaa kwa msimu mwingine, alitangaza kustaafu. Hapakuwa na ndege juu, wala umati. Alikuwa amecheza misimu 18, na jumla ya yadi 40,239 na mabao 290 kwa kurusha, kiasi ambacho hakuna aliyekuwa amekifikia kabla yake. Mwaka 1979 aliingizwa katika Jumba la Watukufu wa mchezo huo, huko Canton, Ohio.

Alirudi kuishi Baltimore. Ndipo yakatokea ya mwaka 1984. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Machi, malori yalifika makao ya Colts, yakapakia mali yote ya klabu, na kulipokucha timu ilikuwa imehamia Indianapolis. Mmiliki alikuwa amegombana na wakuu wa mji na jimbo kuhusu uwanja. Mashabiki hawakuulizwa neno. Klabu iliyohama ilichukua jina, ilichukua rangi, ikachukua na rekodi za Unitas pamoja na jezi nambari 19. Unitas akaikana. Alishikilia kwamba yeye ni mchezaji wa Baltimore, wala hana uhusiano wowote na timu ya Indianapolis. Bendi ya mashabiki nayo ilikataa kufa. Kwa miaka 12 iliendelea kupiga tarumbeta na ngoma bila ya kuwa na timu ya kuipigia.

Ilipofika mwaka 1996, Baltimore ilipata timu nyingine, Ravens, kwa njia ile ile iliyowaliza: timu ya Cleveland ilihamishwa na mmiliki wake, na safari hii wakalia watu wa Cleveland. Unitas aliikumbatia timu hiyo mpya, na mara nyingi alionekana kando ya uwanja siku za mechi, mzee aliyepinda kidogo, mkono wa kulia ukining'inia.

Mkono huo ndio kiini cha makala haya. Jeraha la mwaka 1968 lilikuwa limeharibu neva, na kadiri umri ulivyosonga vidole vilikataa kufunga. Mkono uliorusha mipira hadi kwenye vifua vya watu wanaokimbia ulishindwa kushika kalamu. Ili atie sahihi alilazimika kuipachika kalamu vidoleni kwa mkono wa kushoto. Alipocheza gofu, fimbo ilifungwa kwenye kiganja kwa utepe. Aliomba malipo ya ulemavu kutoka mfuko wa ligi, na maombi yake yakakataliwa. Ligi hiyo ilikuwa imetajirika kwa televisheni, nayo televisheni ilikuwa imevutiwa kwa sehemu kubwa na ile mechi ya 1958. Biashara zake nyingine zilikuwa zimemwendea kombo, na mwaka 1991 alitangazwa kufilisika. Magoti yalibadilishwa, moyo ukapasuliwa. Tarehe 11 Septemba 2002, akiwa katika mazoezi ya viungo karibu na Baltimore, moyo ulisimama. Alikuwa na umri wa miaka 69.

Misa ya wafu ilifanywa katika kanisa kuu la Kikatoliki mjini humo, naye Raymond Berry, yule aliyepokea mipira yake mwaka 1958, alizungumza juu yake. Nje ya kanisa ndege ndogo ilipita tena angani, ikiburuta maneno yale yale ya mwaka 1972. Miaka 30 ilikuwa imepita, wala watu hawakuwa wamesahau hata neno moja. Juma hilo Chris Redman, kwotabeki wa Ravens ambaye naye alisomea Louisville, alivaa viatu vyeusi vya kufunika vifundo ili kumuenzi marehemu. Ligi ikamtoza faini ya dola 5,000 kwa kukiuka kanuni za mavazi.

Sasa turudi kwa maswali yetu mawili. Kwao Unitas palikuwa wapi? Pittsburgh ilimzaa na Indianapolis ikarithi karatasi zake, lakini kwao palikuwa ni Baltimore, mahali walipompokea alipokuwa hana jina na kumkumbuka alipokuwa hana nguvu. Kwao mtu ni pale anapokumbukwa bila ya kulipiwa kiingilio.

La pili ni gumu zaidi. Mashabiki walimpa Unitas kila kitu walichokuwa nacho: sauti, machozi na kumbukumbu. Hawakuweza kumpa alichohitaji, yaani matibabu na malipo ya haki kwa mkono alioutoa kazini, kwa sababu hayo yaliwekwa katika mikataba na kanuni ambazo hawakuwahi kuziuliza. Ilikuwa rahisi kukodi ndege ipeperushe bango. Ilikuwa vigumu kusimama mlangoni pa ligi na kudai.

Nasi hatuna la kujivunia. Joe Kadenge, aliyefariki mwaka 2019 na ambaye jina lake liliimbwa na watangazaji hadi likawa msemo, aliendesha teksi jijini Nairobi katika miaka yake ya baadaye, akiwapakia abiria ambao huenda baba zao walimbeba mabegani. Na katika shule zetu, mwalimu anapostaafu tunachinja mbuzi, tunamvisha blanketi, tunamkabidhi saa ya ukutani, na wanafunzi wanaghani mashairi hadi mwalimu mkuu anapangusa macho. Machozi yale ni ya kweli, nisingependa yeyote ayadharau. Lakini mwaka unapopita, mzee yule yule anaonekana akipanda basi la alfajiri, bahasha mkononi, kwenda kuulizia malipo yake, na sisi tuliomshangilia hatumuulizi amefikia wapi.

Mcheza kwao hutuzwa. Shangwe ni sehemu ya tuzo hiyo, nayo ni sehemu tamu. Iliyobaki hulipwa polepole, mwaka baada ya mwaka, ngoma ikiwa imekwisha na wapigaji wamekwenda zao. Wanafunzi watakaoifafanua methali hii katika mtihani ujao, na waiandike sehemu hiyo pia.